Karoti za 1988 bado hazijachanua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, ingawa najijua: nikianza habari za mimea, kidogo changu huwa si kidogo.

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa bustani ulitugawia mimea mafungu matatu: ya mwaka mmoja, ya miaka miwili, na ya kudumu. Kwenye fungu la pili mkaweka karoti, kabichi, kitunguu na bitiruti, mkatuambia kwamba mwaka wa kwanza hutoa majani na kujaza mzizi au kichwa, mwaka wa pili huchanua, hutoa mbegu, kisha hufa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, siku hizi nauza miche nyumbani kwangu Mkolani, Mwanza, na maneno hayo hayo niliyaandika ubaoni kwa mkono wangu zaidi ya miaka thelathini. Ndiyo maana yameniuma. Si uongo, ila yamesafiri kutoka mbali na hakuna aliyeyauliza kama huku nako yanafaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1988 nilikuwa nafundisha sekondari moja ya bweni ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, wakati ule kuvuka Kigongo kwenda Busisi ni kungoja kivuko na daraja halijaingia hata kwenye ndoto. Nilipomaliza somo la mafungu matatu, kijana mmoja wa kidato cha pili akaomba tuache tuta moja la karoti kwenye bustani ya shule lisivunwe, tuone maua. Nikafurahi. Akachonga kibao, akaandika kwa mkaa MSIGUSE UTAFITI, na kwa shule ya bweni yenye njaa ya saa kumi jioni, kibao kile kuheshimiwa ni muujiza wa pekee.

Tukangoja. Masika ikapita, karoti zikanenepa kama kifundo cha mkono. Kiangazi kikapita kwa ndoo za maji ya ziwa ambazo kijana alizibeba kichwani kila jioni. Vuli ikaingia, nyingine zikapasuka katikati, nyingine zikaoza, zilizobaki zikawa ngumu kama kuni. Masika ya pili ikaja. Zilisalia tatu, zina majani mabichi kabisa, na hazikuonyesha hata dalili ya ua. Kijana akaniuliza mbele ya darasa zima, "Mwalimu, kitabu kimekosea au karoti zimekosea?"

Nikamjibu kwamba ni udongo, samadi imezidi. Nilisema hivyo kwa sababu mwalimu hakai kimya mbele ya wanafunzi arobaini. Wiki iliyofuata nikakuta kwenye daftari lake: "Karoti ni mmea wa miaka miwili isipokuwa penye samadi nyingi." Nikaweka vema kwa wino mwekundu.

Jibu la kweli nilikuja kulikuta miaka zaidi ya ishirini baadaye, na si kitabuni. Binti yangu aliolewa Njombe. Alipojifungua, Julai, nikaenda kumwangalia. Asubuhi ya kwanza nikatoka nje nimejifunga khanga mbili na blanketi juu yake, nikaona sakitu, umande ulioganda, nyeupe juu ya majani ya uani, na pembeni ya bustani kabichi tatu zilizosahaulika zimepasuka vichwa, zimetoa mashina marefu yaliyojaa maua ya njano. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Mama mkwe wa binti yangu akadhani nasali. Aliponiuliza nikamwambia, "Dada, hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuona ua la kabichi." Akacheka mpaka akakaa chini. Kwake ni uchafu wa bustani, huwapa ng'ombe.

Basi jambo lenyewe ni hili. Kabichi, karoti na bitiruti hazihesabu miaka. Zinangoja baridi. Kwanza mmea lazima ukue kiasi, kwa kabichi shina liwe na unene wa penseli hivi, ndipo upitiwe na wiki kadhaa za baridi, nyuzi 10 au chini yake. Kile kichomozo cha katikati kikishaipata baridi hiyo ndipo mmea hugeuza nia, ukaacha kutengeneza majani ukatengeneza ua. Huko Ulaya baridi hiyo huja kila mwaka kwa tarehe zake, kwa hiyo aliyepanda msimu wa joto ataona maua msimu wa joto unaofuata, naye akihesabu anapata miaka miwili. Njombe na Makete, karibu mita 2,000 juu ya bahari na zaidi, baridi ya Juni na Julai wakati mwingine inatosha. Sisi tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, ikweta iko hapo juu tu, na Ziwa Victoria hupoza mchana na kupasha usiku. Julai yetu ikituchapa sana usiku ni nyuzi 15 hivi, tunavaa masweta na kulalamika, lakini kabichi haioni kitu. Kitunguu hakidai baridi kali kiasi hicho, ndiyo maana wapo wanaopata mbegu zake hapa nchini bila shida kubwa. Karoti na kabichi za ufukweni kwetu zitangoja mpaka zioze.

Hii si hadithi ya walimu tu. Kuna mama mmoja huku kwetu, mkulima wa mboga, alichagua kabichi zake kumi nzuri kuliko zote akaziacha kwa ajili ya mbegu, kama tunavyofanya kwa mchicha. Miezi kumi na moja. Eneo lile angelima chainizi mara nne au tano. Alikuwa amesikia, kutoka kwa mtu aliyesoma, kwamba kabichi huchanua mwaka wa pili. Naogopa kumuuliza mama huyo ni nani aliyemwambia, maana inawezekana mtu huyo alipita darasani kwangu.

Sijui kama wasomaji wako wanajua mafungu haya yalivyoandikwa zamani. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya mimea katikati ya karne ya 18, alitumia alama za angani. Mmea wa mwaka mmoja aliuandikia alama ya Jua. Wa miaka miwili aliupa Mirihi, kwa kuwa Mirihi hulizunguka Jua kwa siku 687, karibu miaka miwili. Wa kudumu akaupa Mshtarii, yenye mzunguko wa karibu miaka 12, na miti akaiachia Zohali inayokwenda polepole zaidi. Nilikuwa napenda sana kuwafundisha wanafunzi jambo hili, linapendeza. Lakini mtu huyo alikuwa na bustani yake Uppsala, mahali penye theluji, na saa yake ilikuwa theluji. Saa yetu ni mvua: vuli kuanzia Oktoba au Novemba, masika ya Machi hadi Mei, halafu jua la Juni mpaka Septemba ambalo huua kila kisicho na mzizi mrefu au mwenye ndoo.

Tazama basi hilo jina la "mwaka mmoja" linavyonigombanisha na wateja. Novemba mwaka juzi alikuja baba mmoja anayejenga Buswelu, ana sendofu ya binti yake Januari, anataka uwanja uwe na rangi. Nikampa miche arobaini ya zinia. Akaniuliza inakaa muda gani, nami kwa mazoea ya ubao nikasema, "Hii ni ya mwaka mmoja." Sendofu ikapendeza, akanitumia hata picha. Machi akarudi na kiroba.

"Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Habari za harusi?"

"Harusi njema. Mayu, uliniuzia miche mibovu." Akamwaga kiroba chini, mashina makavu matupu. Akahesabu kwa vidole, "Desemba, Januari, Februari, Machi. Uliniambia mwaka mmoja. Hata friji, ikifa kabla ya mwaka unarudishiwa."

Niliona aibu na nikaona pia kwamba ana haki. Kiswahili nilichomwambia kilimaanisha miezi kumi na miwili. Nikachukua ua moja kavu nikalipukusa kwenye kiganja, zikatoka mbegu bapa zilizochongoka kama ncha ya mshale. Nikamwambia, "Baba, haikufa na ugonjwa. Imemaliza kazi yake. Ilichokitafuta tangu siku ya kwanza ni hiki." Tukapukusa pamoja mashina yote arobaini. Akaondoka na mbegu za kujaza uwanja mara tatu, zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti, nadhani hili hili lenu.

Tangu siku ile sisemi tena mwaka mmoja, nasema ya msimu. Mchicha, choroko, mahindi, alizeti, zinia, kosimosi: huota, huchanua mara moja, huacha mbegu, hunyauka, na yote hayo kwa miezi mitatu minne. Ukanda huu wenye mvua mbili, mwenye maji anapanda ya msimu mara tatu kwa mwaka. Mchicha hauoni hata miezi hiyo, kwa sababu tunaukata bado mtoto. Ukiuachia mmoja tu uzeeke penye kona utakupa mbegu maelfu, na mwaka mzima utakuwa unang'oa mchicha usioupanda, hata kwenye nyufa za sementi.

Hili la kudumu nalo lina mitego yake, na hapa ndipo naomba mnivumilie zaidi.

Pilipili kichaa iliyoko nyuma ya jiko langu ina mwaka wa nne. Bilinganya na ngogwe nikizipogoa mvua zinapokaribia, zinachipua na kuzaa tena. Huko Ulaya pakiti zake zimeandikwa mwaka mmoja, na ni kweli kwao, kwa sababu baridi ya kwanza huzichoma. Kwa asili yake mimea hii haijapangiwa kufa ikishazaa. Nyanya pia. Nyanya yetu haifi kwa uzee, hufa kwa mnyauko, kwa ukungu, kwa yule mdudu tunayemwita kanitangaze, na mwenye shamba hung'oa kwa sababu haimlipi tena. Na sukuma wiki, ndugu wa damu wa kabichi, mimea hii miwili kwa wataalamu ni spishi moja, upo mmoja kwenye ua wangu una miaka miwili na nusu. Shina lake limenifika kifuani, majani nachuma juu, na kwa kuwa baridi haijauambia lolote hauna habari ya kuchanua. Mkiuweka kwenye fungu la miaka miwili mtakuwa mmeufupishia umri bure.

Lakini mfano ambao kila mtu wa huku angeuelewa hamkuutaja, nao ni pamba. Nimezaliwa Kwimba, baba yangu alilima pamba. Kila mwaka, pamba ikishapelekwa kwenye mizani, sisi watoto tulitumwa shambani kung'oa maotea, yaani miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, na kuyachoma. Mikono ilikuwa inatoka malengelenge. Na kilichoniudhi ni kwamba miti yenyewe ilikuwa haijafa. Ilikuwa inatoa majani mapya, mingine ina hata ua. Nikamuuliza baba kwa nini tunaua kitu kizima. Akasema bwana shamba anakuja, asipokuta majivu kuna faini. Kwa miaka niliamini pamba ni zao la mwaka mmoja ambalo serikali hulimalizia tu. Kumbe ni kichaka cha kudumu. Nyuma ya zizi la mzee jirani palikuwa na mmoja uliosahaulika, nikiwa darasa la tano ulikuwa umenipita kimo, una vitumba na maua kwa wakati mmoja. Tunaukata umri wake kwa makusudi, na sheria inataka hivyo, kwa sababu maotea yakibaki kiangazi kizima funza wanaokula vitumba hupata pa kulala na kula mpaka mbegu mpya zinapopandwa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru wamelieleza hilo vizazi na vizazi. Kwa hiyo umri wa mmea shambani wakati mwingine huamuliwa na jembe na kiberiti, si na mmea wenyewe, na jambo hilo kwenye ukurasa wenu halina mahali pa kukaa.

Upo pia mmea wa kudumu unaojifanya umekufa, na huu umenigharimu. Mlimani penye mawe, na milima ya Mwanza ni mawe, huota lile ua jekundu la mviringo kama mpira wa nyuzi, huchomoza mvua za kwanza zikigonga. Nililihamishia uani tunguu zake sita. Kiangazi majani yalikauka, pakawa udongo mtupu. Mjukuu wangu, kijana mwenye bidii siku nisizozitaka, akalima pale akapanda maharage ili kunifurahisha bibi yake. Nilikuta tunguu zimekatwa vipande kama viazi vya chipsi. Sikumgombeza. Kwa macho ya mtoto, kisichoonekana hakipo, na hakuna kibao nilichoweka. Tangawizi na binzari hufanya vivyo hivyo: juu hakuna kitu, chini kumelala mtu.

Mkonge nao hauingii fungu lolote kati ya yenu matatu. Ule tuliopanda mipakani mwa mashamba Usukumani hukaa miaka minane, kumi, hata zaidi, halafu siku moja hutoa mlingoti, hutoa maua mara moja tu maishani, na shina hilo hufa. Umeishi kama wa kudumu, umekufa kama mchicha. Mgomba nao shina likishatoa mkungu limekwisha, lakini machipukizi yapo pembeni na shina jipya linaendelea, ndiyo maana kule Kagera mtu hurithi shamba la babu yake na kusema ni migomba ile ile. Papai na mbaazi ni za kudumu zisizodumu, miaka michache zimechoka. Na gugu maji la ziwani, tuliloanza kuliona mwishoni mwa miaka ya 1980, ni la kudumu kupita tunavyotaka. Mtumbwi ukilikata vipande umelizidisha, na mbegu zake hungoja topeni miaka.

Hilo la gugu linanikumbusha jambo ambalo nilitaka kulitaja tangu mwanzo. Ndugu zetu wanaolima mboga ukingoni kabisa mwa maji wanafukua udongo kila baada ya wiki nne, kwa kuwa mboga za msimu ndivyo zinavyotaka. Mvua ikinyesha udongo na mbolea vyote vinaenda ziwani kulinenepesha gugu. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli hizo. Najua njaa haisomi sheria, nami mchicha wao ndio nanunua. Ila kama ukurasa wenu ungesema wazi kwamba majani ya kudumu, kama matete au hata mchaichai, hushika udongo mwaka mzima bila kufukuliwa, pengine mtu angeuacha ukanda ule ukalala.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkituandikia tena, tuandikieni kwa mvua zetu. Semeni mmea huu ni wa msimu, upande vuli utauvuna kabla ya masika. Huu ni wa kudumu, ila kiangazi cha kwanza unyweshwe au utakufa ukiwa na miezi saba. Na karoti na kabichi msiziite za miaka miwili, ziiteni za kungoja baridi, na muongeze kwamba huku mbegu zake ni za kununua, hakuna haja ya kuacha tuta. Wenye maduka ya pembejeo nao wakiulizwa "inakaa muda gani" wasisome pakiti tu. Waangalie nje ya dirisha.

Yule kijana wa kidato cha pili simtaji jina, sasa ni mtu mzima, nasikia yuko Geita na ana watoto. Akisoma hapa ajue kwamba kitabu hakikukosea wala karoti hazikukosea, na lile vema la wino mwekundu nalifuta. Na kama yupo msomaji wa Ukerewe, Sengerema au Magu aliyewahi kuona karoti ikichanua bila kupelekwa milimani, amwandikie Mhariri. Nitapanda basi siku hiyo hiyo nije kuiona.

Mwalimu mstaafu,
Mkolani, Mwanza